Meza bila jiko haikusaidii: kulisha watoto siku ya kutembea Mombasa

Likizo ikifika, iwe Aprili, Agosti, Desemba ama Idd pili, Mombasa nzima inatoka nyumbani siku moja na kusikia njaa kwa wakati mmoja, na hapo watu wa bara nao washashuka treni ya SGR pale Miritini na watoto wao, wataka kuona twiga, wataka kuogelea, wataka samaki. Sasa wengi wakisikia foleni ya hoteli wanafikiria ile ya kusimama mlangoni kungoja meza. Hapa kwetu sio hivyo sana. Meza utapata, weita atakuunganishia hata tatu na viti vya plastiki atoe stoo, utaketi, utaletewa menyu na maji, halafu ndo utaanza kungoja. Foleni yetu iko jikoni. Kwa hivyo ukipiga simu ukashika meza peke yake umefanya nusu ya kazi, na ile nusu ilobaki ndo itakayolia na kurusha vijiko chini.

Haya ntaeleza vile mimi napanga, hasa mkiwa familia kubwa na kuna watoto chini ya miaka kumi. Mkiwa wawili tu na mkeo hamna haja ya haya yote, nendeni tu.

Anza na saa, sio na hoteli

Majiko ya Mombasa siku za likizo yanajaa kuanzia kama saa saba mpaka saa tisa mchana. Waloswali adhuhuri washatoka, walokuwa kwenye bustani ya wanyama ya Haller Park tangu asubuhi wanatoka, wa kuogelea washachoka, na zile familia zinazoamka saa nne ndo zinatafuta chakula chao cha kwanza. Ijumaa ndo usiseme, manake kuanzia saa sita u nusu hivi sehemu nyingi za mjini zinafunga ama zinaacha mtu mmoja mlangoni, na watu wakitoka msikitini wanaingia hotelini wote pamoja na kanzu zao na kila mmoja anataka biriani. Ukifika na watoto wanne dakika hiyo we ni wa kungoja tu, hata kama meza ina jina lako.

Kwa hivyo kuleni saa tano u nusu, ikizidi sana saa sita kasorobo. Najua itaonekana mapema, watu wazima watalalamika ati hawajasikia njaa, lakini mtoto alokunywa chai na mahamri saa moja asubuhi ikifika saa tano yuko tayari, na hii safari ni ya mtoto. Jiko wakati huo ndo limewaka vizuri, sufuria zimejaa, mafuta ni mapya, weita hajachoka, na mkimaliza mnatoka wakati wengine ndo wanaegesha magari.

Kama haiwezekani, basi rukeni kabisa mpaka saa tisa u nusu, lakini hapo saa sita watoto wawe wameshakula kitu cha kweli kwenye mkoba: sambusa, mayai ya kuchemsha, mkate wa sinia, ndizi. Biskuti na soda sio kitu, zinawapa nguvu ya kukimbia dakika kumi halafu wanazima. Mkichagua saa tisa mjue pia biriani huenda imeisha, na biriani ikiisha imeisha, hakuna mtu atakupikia nyingine alasiri.

Simu yenyewe

Piga siku moja kabla, na ikiwa ni Idd ama wiki ya Krismasi piga wiki nzima kabla. Saa nzuri ni kama saa nne asubuhi ama saa kumi alasiri. Usipige saa saba mchana wala saa mbili usiku, anayepokea wakati huo mkono wa pili una sahani, atakwambia "sawa sawa nishaandika" na hajaandika popote.

Ukipata mtu, sema hivi:

"Asalaam aleykum, nataka meza ya watu tisa, wakubwa watano watoto wanne, na mtoto mmoja ataka kiti kirefu. Ni Jumapili hii saa tano u nusu mchana, kabla ya adhuhuri. Na nataka kuweka oda ya chakula kabisa, tukifika kiwe karibu. Naongea na nani? Ahsante, basi nakutumia hiyo oda kwa wasapu sasa hivi."

Kila kitu hapo kina sababu yake. Watoto wahesabiwe, usiseme "tuko watano hivi na watoto", mtoto anaketi, anamwaga, anahitaji nafasi kushinda baba yake. Kiti kirefu hoteli nyingi ziko navyo viwili ama vitatu tu na anayefika mwanzo ndo anachukua. Saa taja na mchana ama usiku wake, manake kuna mameneja wanaandika daftari kwa hesabu ya Kizungu, we umesema saa saba ukimaanisha baada ya adhuhuri, yeye kaandika 7 na meza yako iko kwenye orodha ya jioni, mtagombana mlangoni na wote mna haki. Na jina la aliyepokea ni muhimu kuliko jina lako, ukifika uulize "fulani yuko?" mambo yanakwenda tofauti kabisa.

Wasapu sio starehe, ni ushahidi. Andika oda yote mstari kwa mstari na idadi, siku na saa juu yake, na ngoja wajibu. Wakikujibu kwa dole gumba peke yake andika tena "tafadhali thibitisha saa tano u nusu mchana". Halafu siku yenyewe asubuhi tuma moja ya mwisho, "tuko njiani ishaallah, oda yetu iko?" Inaonekana ni usumbufu lakini mpishi wa zamu ya asubuhi sio yule alokuwa jana usiku.

Vya sufuria na vya moto

Hapa ndo penyewe, hata ukisahau mengine yote.

Chakula cha hoteli zetu kiko cha aina mbili. Kuna kilichokwisha kupikwa kiko ndani ya sufuria kinangoja kupakuliwa: pilau, biriani, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mbaazi, maharagwe. Na kuna kinachoanza wewe ukisema: kuku wa kuchoma, tikka, mishkaki, samaki mzima wa kukaanga, kamba, pizza, chips. Cha sufuria kinafika haraka hata jiko likiwa limefurika, manake kazi ni mwiko na sahani. Cha moto kina foleni yake, makaa yana nafasi ya vijiti kadhaa tu na oveni ya pizza ina nafasi ya pizza kadhaa tu, na kama kuna meza nane mbele yako zote zimesema tikka basi hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo watoto wapeni vya sufuria. Wakubwa wanaotaka vya moto ndo waodiwe kwa simu. Mtu mmoja akisisitiza samaki mzima mezani hapo hapo, hajaodi mapema, basi akubali kula peke yake watoto wakiwa washanawa mikono.

Na kuna jambo moja dogo watu hawalijui. Mawaita wengi wana adabu ya kuleta vyakula vyote pamoja, hawapendi mmoja ale mwengine anaangalia. Sasa pilau ya mtoto inapakuliwa dakika ya tatu, halafu inawekwa pale kwenye dirisha la jikoni, kachumbari yake juu, inapoa, ikingoja tikka ya baba iive. Ukiketi mahali unaona dirisha utaiona kwa macho yako na mtoto analia. Mwambie weita mapema, "vya watoto vilete vikiwa tayari, usitungoje sisi". Atakuelewa mara moja, ni vile tu hakuna anayesema.

Chips ni janga lake peke yake. Kila mtoto wa Mombasa na wa bara anataka chips, na zinakaangwa kwa karai, wakitia karai moja zinatoka sahani kadhaa na zinakwenda kwa walosema mwanzo. Chips masala ni mbaya zaidi kwa kungoja manake zikishakaangwa zinarudi motoni tena kwa masala. Kama mtoto hali kitu kingine basi chips ziwe za kwanza kutajwa, kabla ya juisi, kabla hata hujafungua menyu, "sahani tatu za chips za watoto zianze sasa, mengine tunakuja". Weita aondoke na hiyo ndo muanze kubishana kuhusu mengine.

Ukiuliza kitachukua muda gani utaambiwa dakika tano. Dakika tano ni neno la adabu, halina saa ndani yake. Uliza hivi: "kuna oda ngapi mbele yangu za tikka?" Hilo swali lina jibu, na kama jibu ni kubwa unabadilisha oda papo hapo.

Pesa za mbele

Siku za Idd na Krismasi sehemu nyingi zinataka depoziti, hasa mkizidi watu kumi. Sioni ubaya, watu wetu wana tabia ya kushika meza tatu sehemu tatu halafu wanakwenda ya nne. Lakini lipa kwa till ya biashara (namba yao ya malipo ya M-Pesa), sio kwa namba ya simu ya mtu, na jina linalotokea kwenye simu lisome kabla ya kutia pini. Ile meseji ya M-Pesa usifute, itume kwenye hiyo hiyo wasapu ya oda ili vikae pamoja. Ukikosea namba, ile meseji ifowadi kwa 456 ya Safaricom haraka uombe pesa zirudi, kabla aliyezipokea hajazitoa. Na uliza mapema pesa zinarudi ama hazirudi mkikosa kufika, na mwisho wa kusema hamuji ni lini. Wakikwambia "usijali" ujue hawajajibu.

Mnakokwenda kuna saa zake

Haller Park pale Bamburi ni pa asubuhi. Yale yalikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, René Haller alianza kupanda miti 1971, mivinje ndo ilishika kwenye ile ardhi iliyokufa, na leo kivuli kipo cha kutosha kwa hivyo watu wanajisahau ndani, wanatembea na kutembea. Kulisha twiga kuna saa zake maalum, ulizeni getini mkiingia na hiyo saa iwe ndo kigingi cha siku nzima, manake mtoto hatakubali kutoka kabla hajalambwa mkono, na chakula kipangwe baada ya hapo. (Watoto watawauliza pia kuhusu Owen na Mzee, yule kiboko mtoto aloachwa peke yake baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe mzee ndo mzazi wake, jiandaeni na majibu.) Kutoka pale mpaka kufika hotelini ya Nyali ongezeni muda wa trafiki, sio umbali, umbali si kitu.

Sehemu za maji kama Wild Waters ya Nyali ni hesabu nyingine. Mtoto aloogelea ana njaa mara mbili, na kumtoa majini, kumkausha na kumvika ni kazi inayokula muda mwingi kuliko foleni yenyewe. Kwa hivyo mle kabla ya kuingia, halafu mkitoka ni vitafunio tu. Chakula cha nje pigeni simu muulize kama kinaruhusiwa, sehemu nyingi za kuogelea zinakagua mikoba getini, na itauma sana kuacha hotpoti ya pilau kwa askari. Mkila mle ndani, mtu mmoja mkubwa akae nje ya maji, avae mapema, aende akaodi watoto wakiwa bado wanateleza. Huyo mtu mumchague kwa kura nyumbani.

Fort Jesus na Mji wa Kale nendeni asubuhi mapema ama alasiri, Wareno walipoijenga hiyo ngome kuanzia 1593 hawakuwa na habari ya kivuli cha watoto, mchana mawe yanawaka. Uzuri ni kwamba mkitoka mko Mji wa Kale na hoteli nyingi za pale ni za sufuria, mnaingia, mnaonyesha, mnakula. Hapo buking haina maana sana mkiwa wachache, mkiwa wengi fikeni kabla ya adhuhuri.

Mama Ngina, ile barabara ya kando ya bahari, ni jioni, na hakuna wa kumpigia simu. Mihogo ya kuchoma, kachri (krisps za mihogo), madafu, mahindi. Jumapili jioni kila mwenye jiko la makaa ana watu sita wamesimama, na ujanja ni kugawana, mmoja aende mihogo, mmoja madafu, mmoja ashike mahali pa kuketi ukutani na watoto. Mkisimama wote kwenye mihogo mtapata mihogo. Pilipili iwekwe kando kwa ya watoto, sema kabla hajapasua muhogo manake mkono wake uko haraka kuliko mdomo wako.

Pirates, ile bichi ya umma, siku ya Idd ama Krismasi mimi nasema bebeni chakula. Hotpoti, kulabox ya maji, mkeka. Kutafuta meza pale siku hiyo ni kujitafutia ugomvi. Na kama hampendi fujo kuna Nguuni huko nyuma ya Bamburi, mbuni na pofu wanatembea zao na nyinyi na pikniki yenu, ila pigeni simu kabla kwamba mnakuja.

Diani, ng'ambo ya feri, sina mengi. Weka muda wa feri ya Likoni kwenye hesabu ama zunguka na gari baipasi ya Dongo Kundu, na usiahidi hoteli ya ng'ambo saa kamili. Wape nafasi ya saa nzima na tuma wasapu mkishavuka.

Mkishaketi

Watoto wanawe mikono mara moja, sio chakula kikifika, sinki ni moja na foleni yake huwa haihesabiwi. Maji na juisi ya glasi kubwa zije na chakula, sio kabla, la sivyo wanajaza tumbo kwa ukwaju na pilau inabaki. Mlete kalamu na karatasi, simu iwe ya mwisho kwa sababu ukishampa simu hata chakula kikija hataki kuiacha.

Bili nayo ina foleni, na hii wengi inawakamata, mmekula, watoto washachoka, na weita haonekani. Agizeni bili wakati matunda ama aiskrimu inaletwa, mwombeni na namba ya till hapo hapo, mtu mmoja alipe wengine wakivisha viatu. Mkiwa familia tatu na kila mtu alipe chake, gawaneni nyumbani kwa wasapu, sio mbele ya weita mchana wa saa saba.

Ramadhani ni mlango mwengine. Mchana msitegemee hoteli za mjini kabisa, na futari ya hoteli ina saa moja tu duniani, adhana ya magharibi, hakuna cha kuwahi wala kuchelewa. Fikeni nusu saa kabla, tende na uji na maji viwe mezani, na kama ni bufee mmoja apange foleni mapema kwa ajili ya watoto wasiofunga, waulizeni wa hoteli, wengi hawakatai.

Kwa wanaokwenda Orlando ama Dubai

Kuna wenye ndugu Marekani wanaopeleka watoto Disney World kule Florida, na huko mambo ni kinyume na kwetu, jiko ni la haraka, meza ndo haipatikani. Buking za hoteli zao za kuketi zinafunguliwa siku 60 kabla, na mkilala kwenye hoteli za Disney wenyewe unaweza siku hiyo moja kushika meza za kukaa kwenu mpaka siku kumi. Kwenye mtandao zinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa saba mchana wao wakiwa kwenye saa za kiangazi na saa nane mchana wakiwa kwenye za baridi, kwa hivyo we wa Mombasa huna haja ya kuamka usiku, keti tu na simu baada ya chakula uwasaidie walolala. Wanataka kadi ya benki, na usipotokea bila kufuta wanakukata kwa kila kichwa, sio kwa meza. Watu wanafuta sana siku chache kabla, kwa hivyo ukikosa mwanzo endelea kuchungulia programu yao.

Zile sehemu za kujihudumia unaodi kwenye simu, unachagua saa ya kuchukua, na fanya hivyo asubuhi watoto wakiwa bado wanavaa, manake saa za mchana zinajaa. Maji baridi ya kikombe wanatoa bure kaunta, usinunue chupa. Mtoto chini ya miaka 3 halipi kuingia.

Dubai wengi wa kwetu wanakwenda Global Village, hiyo ni ya miezi ya baridi tu kuanzia Oktoba, na ni ya usiku. Fanyeni kama Mama Ngina, gawaneni.

Na Disney chakula chako mwenyewe kinaruhusiwa kuingia, chapati, mayai, viazi karai vilivyopoa, chochote. Getini wanachokataa ni vyombo vya glasi na pombe, kwa hivyo achari itieni kwenye kopo la plastiki.